Kubebesha maua ya ndani mwenyewe nyumbani: mwongozo kamili kwa watu wa Mtwara na Lindi

Huku kwetu kusini neno kubebesha kila mtu analijua. Mtoto wa Tandahimba au Newala ukimwambia mkorosho huu umebebeshwa hakuulizi maana yake, anajua chini kuna mche uliotoka kwenye mbegu ya kawaida na juu kuna kikonyo kilichokatwa kwenye mkorosho unaozaa vizuri. Na pale Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, ndo kipo kituo cha TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, kinachoongoza utafiti wa korosho nchi nzima. Sasa ujuzi ule ule, na wembe ule ule na nailoni ile ile, unaweza kuuleta barazani kwako ukabebesha maua ya kwenye makopo, ukawa na kaktasi nyekundu imekaa juu ya shina la kijani, au krotoni moja yenye rangi tatu, au adeniamu (dezati rozi) inayotoa maua meupe tawi hili na mekundu tawi lile. Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa sasa na naipenda mno, kwa hiyo ntaandika yote ninayoyafanya mpaka yale yaliyonishinda.

Mi nilifundishwa na mjomba, mtu wa mikorosho, ua la kopo hajawahi kuligusa. Alinikalisha kivulini akanipa wembe na rundo la vijiti vya mhogo akasema chonga, usiguse mche wowote mpaka mkono wako ukate mara moja tu na sura ya kidonda iwe laini kama kioo. Nikachonga asubuhi mpaka adhuhuri. Na wewe anza hapo hapo, tafuta vijiti vya mhogo au matawi mabichi ya mwarobaini, chonga ncha iwe kama kabari, upande huu mkato mmoja upande ule mkato mmoja, ukiona umerudia rudia na pamekuwa na mabonde basi kitupe uchukue kingine. Ukishaona kabari mbili zinalala bapa kwenye kucha yako bila mwanga kupita katikati, hapo mkono uko tayari.

Kwanza kabisa ujue ukoo

Hii ndo sehemu watu wengi wanairuka alafu wanalia. Mimea haiungani kwa sababu wewe umeipenda, inaungana kwa sababu ni ndugu. Aina moja kwa aina moja, mfano krotoni ya manjano juu ya krotoni ya kijani, hiyo karibu kila mara inakubali ukikata vizuri. Ndugu wa karibu nao wanakubaliana mara nyingi. Ndugu wa mbali ni bahati nasibu. Koo tofauti kabisa, kwa mfano waridi juu ya mwembe, huo ni muda unaopoteza hata kama kuna video umeona mtu kaweka tunda juu ya ua, nyingi ya zile ni uongo na zinawaumiza watu wanaojaribu kwa moyo safi.

Na hata ukoo wenyewe usikudanganye. Krotoni na mhogo vitabuni wako familia moja, lakini ni ndugu wa mbali mno usihangaike nao. Ila kaktasi ni wakarimu ajabu, aina nyingi zinapokeana hata kama hazifanani kabisa kwa sura, na ndo maana nakwambia uanzie kwao.

Alafu kuna kundi la maua ambalo huliwezi kwa wembe, na kwa bahati mbaya ndo maua yaliyojaa majumbani mwetu: mani planti, monstera, sneki planti, alovera, spaida planti, drasena, mitende ya makopo, pamoja na migomba na mahindi. Hayo yote mbegu yake hutoa jani moja la mwanzo, na shina lake halina ule utando mwembamba wa kijani unaozunguka chini ya ganda ambao wataalamu wanauita kambiamu. Utando huo ndo unaozaa seli mpya, ndo unaoshona kidonda, sasa kama haupo nani atashona? Mishipa ya maji na chakula kwenye shina la mani planti imetawanyika tawanyika kama nukta, huwezi kuzipanga zikutane. Mi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilichukua kipande cha mani planti yenye mabaka meupe nikakifunga juu ya monstera, kikakaa kijani wiki tatu nikaamini kimeshika, kumbe kilikuwa kinaishi kwa maji yake mwenyewe tu, nilipofungua nailoni kikadondoka na chini yake pameoza. Kwa hiyo ukijani wa wiki mbili tatu sio ushahidi, kumbuka hilo.

Nikuongezee kidogo hapa maana ni jambo zuri kulijua: mwishoni mwa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza kwenye jarida la Nature kwamba wamefanikiwa kuunganisha mimea ya jani moja, kwa kuchukua kile kiini kichanga kilichomo ndani ya mbegu kabla haijaota. Lakini hiyo ni kazi ya maabara kwenye vitu vidogo kama punje ya ngano, sio monstera yako ya sebuleni.

Jani la mani planti linaweza kukuchanganya maana halina mistari iliyonyooka kama ya mahindi, kwa hiyo usitegemee jani peke yake. Kwangu mi kipimo rahisi ni kukwangua ganda la shina kwa kucha. Ukikuta ngozi inayobanduka, chini yake utando wa kijani unaoteleza, alafu ndani kijiti kigumu cheupe, huyo anabebeshwa. Kaktasi peke yake ndo ana namna yake, ntaieleza mbele.

Wakati gani wa mwaka

Sisi mvua yetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, na hilo linabadilisha kila kitu. Kaktasi na adeniamu nazibebesha kuanzia Septemba mpaka mvua hazijaanza, joto limepanda na mimea inakua, ila hewa haijajaa maji ya kuozesha. Ukizibebesha Februari mvua inanyesha siku nne mfululizo, ukungu mweusi utaingia kwenye kidonda. Krotoni, haibiskasi na fikasi wao kinyume chake, wanapenda mwanzo wa mvua, Desemba na Januari, unyevu uko juu na kikonyo hakikauki. Miezi ya Juni na Julai upepo wa kusi unavuma mkavu, mimea imepoa, kidonda kinachelewa kupona, mi huo muda nafanya usafi wa makopo tu na kukuza mashina ya kubebea.

Vifaa

Nyembe mpya za kunyolea, kila siku ya kazi fungua mpya. Spiriti ya duka la dawa na pamba. Rababendi. Nailoni laini ile ya kufungia barafu au lambalamba, unaikata vipande vyembamba vya upana wa kidole, inavutika vizuri na inashika. Kama huna, tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa kamba kamba inafaa kwa fikasi. Chupa za maji za plastiki ukazikata kitako, hizo ndo kofia za kutunzia unyevu. Glavu, na hili sio pambo, ntakwambia kwa nini. Kalamu ya maka na vipande vya plastiki vya kuandikia tarehe.

Udongo: usichukue mchanga wa pwani pale Shangani au Mikindani kwa sababu uko karibu na ni mweupe unavutia, una chumvi na utaunguza mizizi. Chukua mchanga wa mtoni, changanya na udongo mweusi na chenga za mkaa. Makumbi ya nazi yaliyopondwa nayo mazuri sana na tunayo bwerere, lakini yaloweke na kuyasuuza kwa maji baridi mara tatu nne kwanza maana nayo hubeba chumvi. Maji ya kumwagilia, kama kisima chako kina chumvi, kinga ya mvua uweke kwenye ndoo.

Jaribio la kwanza: kaktasi juu ya dragoni

Zile kaktasi za duara zenye kichwa chekundu au cha manjano umeziona, zinauzwa kwenye vikopo vidogo. Kile kichwa hakina kabisa ule ukijani wa kutengenezea chakula, kikiachwa peke yake kinakufa kwa njaa, kwa hiyo kinaishi kwa kubebwa. Vilianza Japan miaka ya 1940 na siku hizi Korea Kusini wanavisafirisha kwa wingi duniani. Yule wa chini, mwenye pembe tatu, ni ndugu wa tunda la dragoni, na kama kuna mtu mtaani kwako amepanda dragoni kwenye ukuta basi mbebaji unaye, omba kipande tu. (Yule wa chini anayebeba mi namwita mbebaji, wa juu ni kikonyo kama kwenye korosho.)

Kata kipande cha dragoni urefu wa sentimita 20 hivi, kiache kivulini siku tano mpaka saba kidonda cha chini kikauke, alafu ukipande kwenye mchanga na usimwagilie mpaka wiki ipite. Kikishatoa mizizi na kuanza kunenepa, kama mwezi mmoja na nusu au miwili, kiko tayari. Usiharakishe hapa, mbebaji mnyong'onyevu hawezi kubeba mtu. Siku mbili kabla ya kazi mpe maji ya kutosha.

Siku yenyewe fanya asubuhi kivulini. Futa wembe kwa spiriti uache ukauke. Kata kichwa cha mbebaji, mkato mmoja ulionyooka, uache kama sentimita 8 mpaka 10 juu ya udongo. Sasa chukua wembe uzichonge zile pembe tatu kwa mshazari kuelekea chini, kama unachonga penseli kidogo, kwa sababu nyama ya katikati inanywea inapokauka ila ngozi ya nje hainywei, usipochonga kingo katikati patazama na kikonyo kitanyanyuliwa juu kiachane na mwenzake. Nilipoteza vichwa vinne kwa kutojua hilo tu.

Ukimaliza kuchonga, kata tena kipande chembamba kabisa kama karatasi juu ya kidonda lakini usikitoe, kiache pale pale kama kifuniko ili pasikauke wakati unashughulikia kikonyo. Kata kikonyo nacho kitako chake, mkato mmoja. Inama uangalie kwa makini: katikati ya kila kidonda kuna duara dogo, limefifia kidogo kuliko nyama inayolizunguka, kama alama ya kitako cha glasi kwenye meza yenye maji. Hiyo duara ndo mishipa, na utando wa kushona uko hapo. Duara za kaktasi mbili mara nyingi hazilingani ukubwa, kwa hiyo usiweke katikati kwa katikati maana ndogo itakaa ndani ya kubwa bila kugusana popote. Sogeza kikonyo pembeni kidogo mpaka duara mbili zikatane, hata sehemu mbili tu zinatosha. Toa kile kifuniko, weka kikonyo, kizungushe kidogo huku unakandamiza ili hewa itoke, alafu vuta rababendi mbili kwa msalaba kutoka juu ya kichwa mpaka chini ya kopo. Ziwe zimekaza lakini zisichimbe ngozi. Kama kichwa kina miiba weka kipande cha pamba juu kwanza.

Weka mahali pakavu penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Maji mwagia kwenye udongo tu, pembeni ya kopo, tone lisiguse kidonda. Usifunike na chupa, kaktasi ukiifunika unyevu wetu wa pwani utaiozesha. Siku ya 10 mpaka 14 toa rababendi moja, kesho yake toa ya pili, kiguse kwa kidole kimoja taratibu. Kikiwa kimeshika utahisi ni kitu kimoja. Kama kimeteleza, kata upya pande zote mbili ufunge tena siku hiyo hiyo, bado inawezekana. Baada ya mwezi kikonyo kikianza kutoa miiba mipya katikati ya kichwa, hapo ndo umeshinda.

Ila ujue vichwa hivi vya rangi havidumu sana, miaka michache mbebaji anachoka au wanapishana kasi ya kukua. Kichwa kikishatoa watoto pembeni, vunja mtoto mmoja ubebeshe upya, ndo namna ya kuwa nacho siku zote.

Tahadhari moja kubwa. Kuna mmea unafanana sana na kaktasi wenye pembe na miiba lakini ni yuforbia, ndugu wa ule mnyaa tunaozungushia nyua. Mchome kwa sindano, ukitoa maziwa meupe kaa ukijua ni yuforbia karibu hakika, kaktasi nyingi hutoa maji maji tu kama tango. Wawili hawa hawaungani kamwe. Na yale maziwa yakiingia machoni yanaweza kukuharibia macho kabisa, kwa hiyo ukibebesha yuforbia kwa yuforbia vaa glavu na miwani, watoto wasiwe karibu, na yakikupata osha kwa maji mengi uende hospitali bila kusubiri.

Adeniamu

Hii wengi wanaiita dezati rozi, na watu wanadhani imetoka Uarabuni peke yake au Thailand kumbe ni ya huku huku Afrika, Tanzania ikiwemo. Inapenda joto letu kuliko ua lolote nililowahi kulea. Ya kutoka kwenye mbegu ndo inatoa kile kitako kinene kizuri, lakini rangi ya maua yake huijui mpaka ichanue, kwa hiyo watu wanaotesha mbegu wapate kitako alafu wanabebesha rangi wanayoitaka juu.

Utomvu wake ni sumu ya moyo, zamani sehemu mbalimbali za Afrika walipaka kwenye mishale ya kuwindia. Glavu hapa ni lazima, wembe ukimaliza uutupe vizuri, na vipande ulivyokata visiachwe uani mbuzi akapita.

Mbebaji awe na shina lenye unene wa penseli au zaidi. Usimpe maji siku tatu nne kabla, utomvu utapungua. Kikonyo chukua tawi lenye unene karibu sawa, urefu wa sentimita 5 mpaka 8, lisiwe na maua, ondoa majani yote uache kidogo sana ya kwenye ncha. Kata kichwa cha mbebaji, alafu pasua katikati kwenda chini sentimita moja na nusu mpaka mbili, tena ile nafasi uichonge iwe umbo la V. Kikonyo kichonge kabari inayoingia humo. Futa utomvu kwa pamba yenye maji safi, ingiza, na hapa sasa ndo penyewe: ganda la kikonyo likutane na ganda la mbebaji angalau upande mmoja. Kama kikonyo ni chembamba usikiweke katikati kikapendeza macho, kisukume pembeni mpaka ngozi zikutane. Watu wanapanga kwa uzuri, mmea unataka utando ukutane na utando, basi.

Zungusha nailoni kutoka chini kwenda juu ukiivuta, kila mzunguko ulalie nusu ya uliopita kama unavyofunga bandeji, maji yasipate pa kuingilia. Mvalishe kikonyo chote kifuko kidogo cha barafu ukifunge chini ya kiungo kwa rababendi. Kivulini. Wiki mbili mpaka tatu utaona ndani ya kifuko nukta za kijani zinatokeza pale majani yalipokuwa. Kwanza zinakuwa kama kichwa cha kiberiti, alafu siku moja asubuhi unakuta moja imefunguka jani dogo linang'aa, limejaa matone ya jasho la kifuko. Nimeyaona mara nyingi na kila mara naita watu wa nyumbani waje waone. Hapo toboa kifuko matundu mawili, baada ya siku tatu fungua chini, baada ya siku nyingine tatu toa kabisa. Usitoe ghafla, jani lililozaliwa kwenye unyevu halijui hewa kavu.

Nailoni ya kwenye kiungo iache mpaka mwezi mmoja na nusu hivi, ila kila wiki angalia isije ikakaba shina linaponenepa. Jua umpe taratibu.

Krotoni ya rangi tatu

Krotoni kila nyumba inayo, kuanzia Ligula mpaka Mnazi Mmoja ya Lindi, zimepandwa tu kama uzio na watu wanazikata wanatupa. Hizo zinazotupwa ndo vikonyo vyako vya bure. Utomvu wake unaacha madoa kwenye nguo ambayo hayatoki, vaa nguo ya shambani.

Tafuta krotoni ya kijani yenye afya kwenye kopo yenye matawi matatu. Matawi mawili tu, kila moja likate pale lilipo na unene wa kalamu, sio laini kabisa la juu na sio lile gumu la kahawia, katikati pale. Pasua katikati, chonga kabari ya kikonyo chenye urefu wa kidole, majani ya kikonyo yakate nusu kwa mkasi ili yasipoteze maji mengi. Ingiza, panga ganda kwa ganda, funga nailoni, kisha funika mmea mzima kwa chupa kubwa au mfuko wa mkate unaoonesha. Tawi moja weka rangi ya manjano, jingine nyekundu, la tatu uliache la mbebaji mwenyewe limlishe. Hili la kuacha tawi la mbebaji ni muhimu, mara ya kwanza nilikata yote matatu, mmea ukabaki hauna jani hata moja la kutengeneza chakula na ukanywea wote.

Wiki tatu mpaka tano. Majani ya zamani ya kikonyo yakidondoka yenyewe ukiyagusa na kikonyo bado kijani, furahi. Yakikauka yakiwa yameng'ang'ania, kikonyo kimekufa.

Na usishangae, rangi hazitachanganyika. Watu wananiuliza kama manjano na nyekundu vitazaa chungwa. Hapana, kila tawi linabaki na asili yake, kubebesha sio kuzalisha mbegu mpya, ni kushirikiana mizizi tu. Kama unavyoona kwenye mkorosho, juu ya kiungo ni mzazi yule yule na chini ni mche ule ule.

Fikasi, kwa njia ya kukumbatisha

Hii ni kwa mtu mwenye hofu ya kukata, maana hakuna anayekatwa kichwa mpaka muungano umekubali. Chukua fikasi mbili kwenye makopo yao, moja ya kijani moja yenye mabaka meupe, ziweke bega kwa bega. Pale mashina yanapogusana, bandua ganda kila upande urefu wa sentimita 3 mpaka 5 mpaka uone weupe wa kijiti, vidonda viwe na urefu na upana sawa. Futa maziwa yanayotoka, kutanisha, funga kwa kamba za tyubu ya baiskeli kwa nguvu kweli kweli. Makopo yafunge pamoja kwa kamba ili mtu akipita asiyatikise, kutikiswa ndo kunaua muungano kuliko kitu kingine.

Mwagilia wote kama kawaida na usifungue kwa miezi miwili. Kisha kata shina la ile yenye mabaka chini ya kiungo, lakini nusu ya unene tu. Subiri wiki mbili. Kama majani hayajalegea, malizia kukata. Yakilegea, funga tena uongeze mwezi. Ukishamaliza punguza kichwa cha kijani juu ya kiungo ili nguvu iende kwa mgeni.

Yanayoharibu baada ya kushika

Mbebaji hasahau kwao. Atatoa machipukizi chini ya kiungo kila mara, na hayo yanakua haraka kuliko kikonyo, ukiyaacha msimu mmoja wa mvua unakuta kikonyo kimedumaa na mbebaji ndo ametawala kopo. Kila Jumamosi mi napita kopo kwa kopo nayavunja kwa kidole yakiwa bado laini, isipokuwa lile tawi la krotoni uliloliacha kwa makusudi.

Weusi ukipanda kutoka kwenye kiungo, usisubiri. Kata chini yake mpaka ukute nyama safi isiyo na nukta, futa wembe kwa spiriti kila mkato, kama bado mbebaji amebaki na urefu mbebeshe upya, kama hakuna basi mwache akauke achipue.

Sisimizi wakianza kupanda kopo angalia chini ya nailoni, mara nyingi wamefuata vidudu vyeupe kama pamba vinavyonyonya kidonda. Vifute kwa pamba yenye spiriti kidogo, kimoja kimoja.

Na andika tarehe. Kila kopo langu lina kipande cha plastiki kimeandikwa mbebaji nani, kikonyo nani, siku niliyokata na hali ya hewa ilikuwaje. Ukibebesha kumi ukapoteza sita, vile vipande ndo vitakuonesha kwamba sita zote zilikatwa wiki ya mvua, au kwa wembe uliotumika jana.